Nikeli ya Kabanga na salfa yake

Kila Kabanga, mradi wa nikeli wilayani Ngara, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, inapotajwa, mazungumzo hukimbilia kwenye mkataba: asilimia 16 za serikali ndani ya Tembo Nickel, kampuni iliyotokana na makubaliano ya Januari 2021, nani kaingia, nani katoka, kiwanda kitajengwa lini. Ni maswali halali. Ila mengi yanayobishaniwa, kuanzia ubora wa mbale (mawe yenye madini) hadi mahali pa kuzisafishia, yaliamuliwa na mwamba wenyewe karibu miaka milioni 1,400 iliyopita, na mwamba huo haupewi nafasi ya kutosha katika mjadala.

Vilima vya Ngara, jirani na mpaka wa Burundi, vimo katika mkanda wa miamba uitwao Karagwe-Ankole. Zamani yalikuwa matabaka ya mchanga na tope, kisha yakabanwa na kupashwa joto hadi yakawa kwatzaiti na shisti. Baadhi ya matabaka hayo ya tope yalikuwa yamejaa salfaidi za chuma (chuma kilichoungana na salfa) pamoja na kinywe (grafiti). Ndimo magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ya moto sana, yenye magnesiamu nyingi, ilimopenya ikitokea chini kabisa.

Magma ya namna hiyo hubeba nikeli, lakini ikiwa imetawanyika mno, na hakuna mtu atakayeichimba katika hali hiyo. Ili ikusanyike, salfa lazima izidi kiasi ambacho magma inaweza kukiyeyusha. Ikizidi, hujitenga pamoja na chuma, kama matone ya mafuta ndani ya maji. Nikeli, shaba na kobalti huyapenda matone hayo kuliko zinavyoipenda magma, kwa hiyo huhamia humo. Matone ni mazito. Huzama na kurundikana.

Sasa, salfa ya Kabanga ilitoka wapi? Hapa wanajiolojia wana njia mbili za kufikiri. Ya kwanza inasema magma inaweza kujitosheleza: ikipoa, au ikimeza silika kutoka kwenye miamba inayoizunguka, uwezo wake wa kushika salfa hushuka, na salfa yake yenyewe hutengana. Ya pili inasema salfa iliingizwa kutoka nje, magma ilipoyala matabaka ya tope yenye salfaidi.

Ushahidi wa Kabanga unaegemea sana upande wa pili. Salfa inayotoka kwenye tabaka la kina la dunia huwa na uwiano wa isotopu (atomi za salfa zenye uzito tofauti) ulio karibu na sifuri kwenye kipimo kinachotumika, wakati salfaidi za Kabanga zimepimwa kati ya takriban 10 na 24 kwa elfu. Hiyo ni alama ya salfa iliyopitia kwenye mashapo. Tena hapa hakuna lile tatizo linalosumbua maelezo ya nikeli ya Norilsk, kule Siberia, ambako mwamba unaotuhumiwa kutoa salfa ni anhidraiti, yaani salfa iliyoungana na kalsiamu na oksijeni, na salfa yake ni lazima kwanza ibadilishwe kikemia ndipo iwe salfaidi. Tope la Kabanga lilikuwa tayari na salfaidi, na kinywe kando yake.

Hata hivyo, sioni sababu ya kuutupa upande wa kwanza. Magma inayokula tope hula salfa na silika kwa pamoja, na isotopu zinaonyesha chanzo cha salfa bila kusema ililiwa kina gani. Kwa mtafutaji wa madini hilo lina uzito. Kama salfa iliokotwa papo hapo, achoronge pale ambapo tope lenye salfaidi linagusana na mwamba wa magma. Kama iliokotwa chini zaidi, hata vijimwamba vya mkanda huu vinavyoonekana vitupu juu vinastahili kuchorongwa.

Salfa hiyo ya nje ina upande wake mbaya. Ilikuwa nyingi mno kwa magma iliyokuwepo. Matone ya salfaidi hutajirika kadiri yanavyooshwa na magma mpya, na ya Kabanga yaliguswa na magma kidogo tu. Kiwango kidogo cha nikeli ndani ya salfaidi zenyewe kinaonyesha hivyo, na isotopu nazo, kwa sababu magma nyingi ingeifuta alama ile ya mashapo. Matokeo yake ni rundo kubwa la salfaidi ambalo sehemu yake kubwa sana ni pirotaiti, yaani chuma na salfa. Pentlandaiti, yenye nikeli, ni sehemu ndogo. Shaba ni ndogo zaidi: upembuzi yakinifu wa Julai 2025 unataja akiba ya tani milioni 52.2 yenye nikeli asilimia 1.98, shaba 0.27 na kobalti 0.15.

Wanaoutetea mradi wana hoja nzito. Karibu asilimia 2 ni ubora mzuri kwa nikeli, na ipo ndani ya salfaidi, inayotenganishwa kirahisi kuliko nikeli ya udongo mwekundu kama ya Musongati, ng'ambo ya mpaka, ambayo imo kwenye mkanda huohuo wa miamba. Wanaotilia shaka wanaonyesha soko. Indonesia imeijaza dunia nikeli ya udongo huo, kiasi kwamba mwaka 2024 kampuni ya madini ya BHP ilisimamisha shughuli zake za Nickel West huko Australia, ambazo ni za salfaidi. Mwamba mzuri hauzuii bei kuanguka.

Lakini hoja ninayoiona nzito kuliko zote haitoki sokoni. Chukua tani moja ya pirotaiti tupu: karibu kilo 400 ni salfa. Tani ya mbale ya wastani ya Kabanga ina takriban kilo 20 za nikeli. Ukiyeyusha kwa tanuri, salfa hupaa kama gesi isipokamatwa. Mpango wa kutumia maji na shinikizo badala ya tanuri, huko Kahama kwenye eneo la uliokuwa mgodi wa Buzwagi, unaikwepa gesi hiyo, na unajibu pia kilio cha makinikia (mchanga wa madini uliokwishachenjuliwa) kusafirishwa nje kilichotikisa nchi mwaka 2017. Naunga mkono. Ila salfa haipotei; hugeuka asidi ya kutulizwa kwa chokaa.

Na sehemu ya pirotaiti haitafika Kahama. Kadiri makinikia yanavyosafishwa, ndivyo pirotaiti nyingi inavyobaki kwenye mabaki ya uchenjuaji huko Ngara. Pirotaiti hushambuliwa na hewa na maji haraka kuliko piraiti, salfaidi nyingine ya chuma, na kutoa asidi, na maji ya wilaya hiyo huingia mito ya Ruvubu na Kagera, hadi Ziwa Viktoria. Ipo dawa: kuyarudisha mabaki chini ya mgodi yakichanganywa na saruji, au kuyafunika kwa maji. Zote zina gharama, na ya kufunika haina mwisho.

Kwa hiyo ningetaka hesabu moja itangazwe wazi kama zinavyotangazwa asilimia za hisa: kwa kila tani ya nikeli itakayouzwa, ni tani ngapi za pirotaiti zitarudishwa chini, ngapi zitakwenda Kahama, na ngapi zitalala kwenye bwawa la topesumu Ngara, chini ya ulinzi wa nani mgodi ukishafungwa.