Mteremko wa Pemba si pa kutia gari fri

Gari nilifundishwa na ami yangu hapa Chake, kwenye kipikapu cha gia za mkono, na somo lake la kwanza lilikuwa hili: ukifika mteremkoni tia fri, yaani itoe kwenye gia, injini ipumzike, mafuta yabaki. Nikamwamini miaka. Ami ndiye aliyekuwa na leseni.

Kumbe ami alijifunza enzi za kabureta, kile kidude cha zamani cha kuchanganya mafuta na hewa. Gari nyingi za leo, ukiwa ndani ya gia na mguu umeutoa kwenye mafuta, hukata mafuta kabisa. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukitia fri, injini haina wa kuizungusha, na ili isizime lazima inywe. Basi nani anabana matumizi hapo?

Lakini mie sikuacha kwa ajili ya mafuta. Nimeacha kwa ajili ya breki. Pemba ni vilima na mabonde, humalizi kimoja ila kingine kishakukabili. Msimu mmoja wa karafuu nashuka na magunia nyuma, gari fri, mguu haubanduki kwenye breki. Nikasikia harufu kama ndara iliyoangukia jikoni. Kisha pedeli ikaanza kuzama, laini, kama nakanyaga godoro. Na kule chini, ukingoni mwa barabara, majamvi ya karafuu yameanikwa, bibi mmoja kainama anazigeuza. Nikakanyaga klachi nikaitafuta namba tatu, ikalia, ikakataa. Injini nikaiongezea moto kidogo, ikaingia. Gari ikaguna, ikashikwa. Nikaitia namba mbili. Bibi hata hakuinua kichwa.

Siku hizi gia naishusha juu kabisa ya mteremko, kabla gari haijaanza kukimbia: ile ambayo ningepandia ndiyo ninayoshukia. Breki nagusa na kuachia.

Wapo wanaozidisha, kila njia panda wanatoka namba tano wanatumbukia mbili, klachi inalia. Hao nao siwaelewi. Breki pedi ni rahisi kuliko sahani ya klachi. Wanaozima gari kabisa mteremkoni ndio siwapandii: ukishakanyaga mara mbili tatu, breki inakuwa jiwe, na usukani nao unakaza.

Huko Unguja, njia ya Makunduchi, tambarare tupu, tia fri ukikaribia kusimama, sina ugomvi.

Ami bado nampakia Ijumaa. Tukianza kushuka tu, namwona mkono unamwenda kwenye gia.