Antena ya Redio Haiwekewi Mipangilio ya Kebo

Mafundi wenzangu wa Kigoma, tunawatoza wateja vifaa vipya ambavyo hawavihitaji. Runinga za gesti zikianza kukata picha, dekoda inalaumiwa kwanza, halafu swichi ya mtandao, halafu antena zinazounganisha jengo la juu ya kilima na la bondeni. Kumbe mara nyingi ugonjwa uko kwenye namba moja ndani ya ruta, na kuibadilisha ni bure.

Chaneli ikisambazwa kwa maltikasti, yaani mkondo mmoja kwa watazamaji wengi, mkondo wake unapelekwa pale tu palipo na runinga iliyojiunga na kundi la chaneli hiyo. Ili ijue nani bado yumo, ruta huuliza kila sekunde 125, na runinga hujibu ndani ya sekunde 10. Namba niliyoitaja ni kigezo cha ustahimilivu (robustness variable), kinachoamua ruta ivumilie ukimya kwa muda gani; kwa kawaida huja kikiwa 2. Zidisha 2 kwa 125, ongeza zile 10, unapata sekunde 260. Zikiisha bila jibu lolote, ruta inaona hakuna mtazamaji, inafunga mkondo.

Kwenye kebo nzuri hilo halina shida. Kwenye Wi-Fi, pakiti (kifurushi cha data) inayotumwa kwa kundi zima haithibitishwi kupokelewa, ikipotea, hairudiwi. Swali la ruta ni pakiti ya aina hiyo. Na huku kwetu hazipotei moja moja: mchikichi ukiyumba kwa upepo katikati ya antena mbili, zinapotea kwa mkupuo. Maswali mawili mfululizo yakipotea, mpira umekatika.

Dalili yake ukiijua hutaisahau. Picha inaganda, inakaa kama dakika mbili, inarudi yenyewe swali linalofuata likifika. Mgeni asiye na subira anahama chaneli na kurudi, picha inakuja papo hapo, kwa sababu runinga ikijiunga upya hutuma taarifa bila kusubiri kuulizwa. Hapo ndipo kila mtu anaapa kuwa runinga ni mbovu. Lakini picha ikikatika dakika chache baada ya kila kujiunga na hairudi kamwe bila kuhama chaneli, hilo ni jambo jingine: huenda swichi inachuja makundi na hakuna ruta yoyote inayouliza. Washa muulizaji (querier), yaani kifaa kimoja kipewe kazi ya kuuliza, kwanza.

Msimamo wangu ni huu: penye kiungo cha redio, weka kigezo hicho kiwe 3 siku ya kufunga mtambo, usingoje malalamiko. Muda unakuwa sekunde 385, na maswali mawili yanaweza kupotea bila picha kukatika. Viwango vyenyewe vya IGMP, itifaki inayoongoza maswali na majibu haya, toleo la pili la mwaka 1997 na la tatu la 2002, vinaruhusu kigezo hiki kiongezwe pale mtandao unapotarajiwa kupoteza pakiti. Wapo wanaopunguza muda wa kuuliza hadi sekunde 60 wakidhani wanasaidia. Kigezo kikibaki 2, subira ya ruta inashuka hadi sekunde 130, na mkupuo mfupi zaidi unatosha kukata picha.

Gharama ipo. Umeme ukikatika, runinga zinazima bila kuaga, na ruta itaendelea kusukuma mkondo usiotazamwa hadi sekunde 385 ziishe. Kwenye kiungo chembamba hilo linauma, ndiyo maana sipendi kuona mtu ameweka 6. Tena namba hii inalinda uanachama wa kundi peke yake. Picha ikiwa na chenga muda wote, elekeza antena upya au kata matawi.

Katika toleo la tatu la IGMP, ruta inayouliza hubeba namba hii ndani ya swali na ruta nyingine huifuata. Katika toleo la pili haibebwi, kwa hiyo pita kila kifaa uweke mwenyewe. Kisha iandike ile 3 kwenye karatasi ya makabidhiano, maana siku mtu akibonyeza kitufe cha kurudisha mipangilio ya kiwandani, 2 itarudi bila mteja kujua.