Lenzi ya makro, shuka jeusi na mama mkwe wa watu

Mimi ni mtu wa harusi. Send-off, kipaimara, kitchen party, huko ndo najua pa kusimama na najua jinsi ya kumkwepa MC. Sasa kuna mzee mmoja wa Tabata nilipiga harusi ya binti yake, akanitafuta akaniambia kijana wangu, nina samaki wangu wa Kigoma, nataka uwapige picha safi nipate kuwauza. Nikamwambia mzee wangu hamna shida, kama nimeweza kumpiga mjomba wa bwana harusi akicheza singeli, samaki atanishinda nini.

Kumbe samaki wenyewe ni wale wanaowaita multi, wa Ziwa Tanganyika, wanaoishi ndani ya maganda ya konokono. Dume likijitahidi kukua sana ni sentimita nne na kidogo, jike hata hapo halifiki. Nikapiga na lenzi yangu ya harusi, nikakuza kwenye skrini nikaona mchanga, nikaona maganda, halafu katikati kuna kitu kama punje ya wali yenye macho. Mzee akachungulia begani kwangu akasema kwa fahari kabisa, "Huyo ndo Sultani."

Basi ikabidi nitafute lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu sana.

Nikaenda Kariakoo kwa jamaa mmoja anauza yuzd, yaani lenzi zilizotumika. Akanitolea zumu ya 70-300, lenzi ya kuvuta vitu vya mbali, "braza makro hiyo, si imeandikwa hapo pembeni." Na kweli imeandikwa, tena kwa mbwembwe. Ila mimi nilikuwa nimebeba rula ya shule ya mwanangu, maana hii kitu ukiijua haikusumbui: makro ya kweli ni moja kwa moja, 1:1, kitu kinatua kwenye sensori, kile kibao cha ndani kinachopokea picha, kwa ukubwa wake halisi, yaani kama kamera yako ni fulu fremu, sensori yake ina upana wa milimita 36, basi ukisogea mpaka mwisho wa fokasi picha inatakiwa ijazwe na milimita 36 za rula, sentimita tatu na nusu hivi, basi. Nikaiweka rula kaunta nikaanza kutafuta fokasi, haishiki, nikarudi nyuma, haishiki, nikarudi tena, jamaa wa guta ananipigia kelele "we kaka pisha njia!" ndo nagundua nimeshatoka nje ya duka nipo barabarani. Ilipokuja kushika, picha ina sentimita saba na ushee za rula, yaani nusu ya makro. Jamaa akasema sasa hiyo nusu nyingine si utakuza kwenye simu.

Mwisho ikabaki kuchagua kati ya lenzi ya milimita 60 na ya 100, zote makro za kweli, zote zinafika 1:1. Ile 60 nyepesi, bei nafuu, roho ikaipenda. Tatizo ni kwamba ukiwa unapiga kwa ukubwa wote mdomo wa lenzi unakuwa sentimita tisa kumi tu kutoka kwa samaki, sasa toa humo unene wa kioo na maji yaliyopo katikati, unajikuta umeshagusa tangi na Sultani kaingia kwenye ganda hatoki mpaka kesho. Pia flashi utaiweka wapi. Ile 100 inakupa kama sentimita 15, samaki anapumua, na wewe unapumua. Nikachukua 100. Bei yake mke wangu anaijua nusu, kama ile zumu.

Ila hizo sentimita za ziada zina gharama yake. Lenzi ikibanwa kwenye kioo hakuna mng'ao. Ikikaa mbali, kioo kinakuwa kioo cha kujitazamia, kila picha namwona Sultani, namwona kamera, namwona mimi mwenyewe na taa ya korido na kalenda ya ukutani yenye Kaaba. Maana tangi la mzee liko koridoni, kati ya chumba cha wageni na choo, limekaa juu ya stuli fupi. Na huwezi kusema upige kwa kuinamisha kamera ukiwa umesimama, ukipiga kioo kwa mshazari mwanga unapinda na picha inakuwa ukungu ukungu, lazima lenzi itazame kioo wima kabisa. Kwa hiyo magoti chini. Mzee akaniletea shuka jeusi, tukalifunika tangi upande wa mbele, na mimi nikaingia humo humo, miguu tu ndo imebaki nje. Flashi nikaiweka juu ya mfuniko inamulika chini, inawaka kwa rimoti.

Jambo jingine, kwenye makro fokasi ya otomatiki inahangaika, inakwenda inarudi, samaki keshaondoka. Unaweka ya mkono, halafu unayumba mwili mzima mbele nyuma taratibu, jicho likitokea kali unafyatua, maana hata ukifunga lenzi mpaka f/11, yaani tundu la mwanga likawa dogo, sehemu inayoonekana vizuri haifiki milimita mbili. Ukishika jicho, pua imekosa. Na wale multi ni mafundi wa kuchimba, maganda niliyoyapanga mbele kwa mapozi wameyafukia, mchanga wote wamenijazia kwenye kioo. Nikawa nabembeleza tu.

Sasa vuta picha. Magharibi imeingia, mzee katoka kwenda msikitini, taa ya korido nimezima mwenyewe. Na hakuna aliyeniambia kuwa mama mkwe wake kafika mchana ule kutoka Tanga, kalala chumba cha wageni kupumzisha miguu ya safari. Bibi wa watu kaamka, kashika kopo la maji anakwenda kutia udhu. Anafungua mlango anakuta koridoni gizani kuna kitu cheusi kimepiga magoti, kinayumba mbele nyuma, kinanong'ona "toka mama, toka kwenye ganda lako, usiogope, nigeukie... hapo hapo... leta na watoto," halafu radi inapiga ndani ya shuka.

Nilisikia "Audhubillahi!" na hapo hapo maji. Kopo zima. Halafu kopo lenyewe, kisogoni. Mimi badala ya kutoa kichwa nikaganda nimekumbatia kamera, nikapiga kelele "Bibi shikamoo! Shikamoo bibi!" na hiyo ndo ikaharibu kabisa, maana akaita jirani kwamba jini lenyewe linajua kusalimia.

Wakaja kijana wa duka la jirani na ufagio, dada wa kazi na mwiko. Shuka likavutwa. Mimi nimelowa, nina alama ya mchanga magotini, mkononi lenzi ndefu nyeusi. Dada wa kazi ndo akaniokoa, akasema "Jamani si mpiga picha wa samaki." Bibi akauliza samaki wa nani anapigwa picha, wana harusi?

Shuka lilikuwa zito, kamera ikapata matone tu. Ila bibi alipoelewa roho ikamuuma mno, akasikia eti kamera ikilowa inawekwa kwenye mchele, basi nikiwa msalani najikausha akaenda jikoni akaizika na lenzi yake kwenye ndoo ya mchele. Lenzi ya makro. Ile pete ya fokasi mpaka leo ukiizungusha inasema kra kra, na kuna vumbi la mchele ndani ambalo ukipiga f/11 linaonekana vizuri kuliko samaki.

Picha zenyewe, mzee aliporudi tukazifungua. Nyingi mkia. Nyingine Sultani kafunikwa na mchanga. Ile ya mwisho kabisa, kidole kilijifyatua wakati kopo linanishukia, multi wote wameshakimbilia ndani, limebaki ganda moja tupu, fokasi kali mpaka unahesabu mistari, mwanga umelilalia vizuri huwezi kuamini. Mzee akaipenda hiyo, akamtumia mteja wake wa Mwanza.

Mteja akajibu usiku ule ule: "Safi sana mzee. Hayo maganda unauza bei gani?"