Kuongea vizuri si kupona

Habari niliyoisoma imeeleza jinsi binti aliyezidisha parasetamoli alivyookolewa, ila imepita haraka pale ndugu walipomnywesha maziwa wakangoja kesho yake kwa kuwa “alikuwa anaongea vizuri”. Hapo ndipo wengi tunawapoteza. Siku ya kwanza mtu anaweza kuwa na kichefuchefu tu, au asiwe na dalili yoyote, kumbe ini limeshaanza kuharibika. Macho ya manjano huja baadaye, na yakija kazi imeshakuwa ngumu.

Nipo idara ya dharura. Swali letu la kwanza ni alimeza saa ngapi. Kwa nini alimeza, hilo tutaliongea baadaye. Damu hupimwa kuanzia saa 4 baada ya kumeza, maana kabla ya hapo kipimo hakiaminiki. Ikibidi, anawekewa dripu ya asetilisisteini, dawa inayolipatia ini nguvu ya kuimaliza sumu. Ikianza ndani ya saa 8 tangu kumeza, ini huponea karibu kila mara. Ukichelewa njoo tu, bado inasaidia.

Wengine hata hawakukusudia: jino linauma, anameza za maumivu, anaongeza na za mafua, kumbe zote zina parasetamoli. Kwa hiyo njooni na paketi zote, hata tupu, hata iliyookotwa kwenye pipa la taka. Msimtapishe nyumbani. Na jamani, msimfokee binti wa watu pale mapokezi. Anasikia kila kitu, na daktari anahitaji binti huyo amwambie ukweli.