Wigi la Shangazi na Pombe ya Ndimu ya Shemeji

Ukiona mtu ametia toniki, ile soda chungu yenye gesi, ndani ya termosi na sasa anakaza kifuniko, ondoka kwanza, maswali baadaye. Mimi niliuliza swali nikiwa mbali. Shangazi wa bibi arusi hakuuliza wala hakuondoka, na siku hiyo ndiye aliyevaa wigi jipya.

Tulikuwa Nguba, hapa Bukavu, tumepeleka mahari ya mdogo wangu. Kazi yangu ni kaunta ya baa, lakini siku hiyo nilikuja kama familia, nimefunga tai, na vinywaji vilikuwa mikononi mwa shemeji, mume wa dada yangu. Hakuna aliyemkabidhi. Alitokea tu na dumu la pombe tamu ya ndimu na mchaichai, akatangaza kwamba wakwe hawapokelewi kwa bia ya Primus peke yake.

Harufu ilikuwa safi, sitamnyima haki yake. Kumenya anajua: ganda la juu lenye rangi tu, kwa kisu cha kumenyea viazi, bila ile nyama nyeupe ya chini inayoleta uchungu ambao sukari haiufuti. Ndimu 10 kwa kila lita ya alkoholi ya kunywa ya asilimia 95, mabua 3 ya mchaichai yaliyopondwa kwa mgongo wa kisu, wiki moja gizani ndani ya chupa ya kioo. (Alkoholi ya kunywa, nasema. Ile ya kusafishia vidonda mara nyingi hutiwa vitu makusudi ili mtu asiinywe, na ukichuja havitoki.) Hadi hapo Muitaliano anayetengeneza limoncello, pombe yao tamu ya maganda ya limau, asingekuwa na la kusema.

Balaa lilianzia kwenye maji ya sukari. Lita moja ya alkoholi kama ile inataka kama lita 1.5 za maji na gramu 800 za sukari, zichemshwe, zipoe kabisa, ndipo zichanganywe. Inatoka karibu asilimia 32. Shemeji alitia nusu lita ya maji na gramu 300 za sukari. "Maji yanaua ladha, shemeji," aliniambia. Piga hesabu: dumu lile lilikuwa limevuka asilimia 55, yaani lilikuwa kali kuliko Chartreuse ya kijani ya watawa wa Ufaransa, ambayo angalau ina mimea 130 ya kusingizia ukianguka.

Glasi ya kwanza ilikwenda kwa mzee wa upande wa bibi arusi. Pombe iliingia iking'aa, unaona hadi chini. Shemeji akaongeza toniki, na papo hapo glasi nzima ikawa nyeupe kama maji ya kufulia. Mzee akairudisha mezani polepole.

"Kijana, iko nini umetia mule?"

Wazee wakaangaliana. Siku ya mahari, kinywaji kikigeuka rangi mbele ya wakwe, hakuna anayefikiria kemia kwanza. Nikasogea kueleza. Ganda la ndimu lina mafuta, na mchaichai pia. Mafuta hayo hutulia ndani ya alkoholi kali, lakini kwenye maji hayayeyuki. Toniki ikiingia, nguvu ya alkoholi inashuka ghafla, mafuta yanatoka kwa vitone vidogo mno, na mwanga ukigonga vitone hivyo tunaona ukungu. Kama shemeji angetia maji ya kutosha nyumbani, ukungu ungejitokeza humo humo dumuni na hakuna mkwe ambaye angeshtuka.

Mzee alinisikiliza kwa heshima, hakuamini, akaonja ili kunikomesha. Akakunja uso, kisha akacheka.

"Hii iko kenkina!"

Alikuwa sahihi. Uchungu wa toniki ni kwinini, inayotoka kwenye ganda la mti wa kenkina, na miti hiyo imelimwa pande zetu za Kivu tangu enzi za Wabelgiji. "Munatia sukari ndani ya dawa ya malaria," akasema, akanyoosha glasi aongezewe. (Kwinini ya toniki ni kidogo mno kutibu malaria. Nilijaribu kumwambia, naye alishaamua kujitibu.)

Baada ya hapo kila mtu alitaka ile "dawa". Shemeji akaona glasi moja moja zinamchelewesha. Alikuwa ameona kwenye simu wahudumu wa Ulaya wakitikisa vinywaji kwenye kopo la chuma, basi akachukua termosi ya chuma, akatia pombe, barafu kiganja kimoja, na nusu lita ya toniki.

"Shemeji, toniki pia unaitikisa?"

"Niache kwanza."

Kopo lile la baa hutikiswa pombe, sukari na maji ya ndimu, basi. Barafu ikipoza hewa ya ndani, hewa inasinyaa na kopo linajibana lenyewe. Ukitia gesi mambo yanageuka. Nusu lita ya toniki imebeba zaidi ya lita moja ya gesi iliyojificha, na umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, kwa hiyo toniki ilikuwa vuguvugu, na kinywaji cha vuguvugu hakishikilii gesi. Kila mtikiso unaifukuza nje. Nje yenyewe ni chini ya kifuniko.

Alitikisa kwa madaha, begani kushoto, begani kulia, kisha akafungua akiwa ameelekeza mdomo wa termosi kwa wageni. Kifuniko kiligonga dari. Toniki ilipiga ukutani, kwenye tai yangu, na iliyobaki, ambayo ndiyo nyingi, ikatua kwenye wigi la shangazi.

Hapo ndipo DJ, kwa kutaka kuchangamsha watu, alipowasha taa yake ya zambarau iliyokuwa kwenye jenereta. Wigi likawaka buluu.

"Damu ya Yesu!" alipiga kelele mama mmoja, na viti vikaanguka.

Kwinini hufanya hivyo ikipigwa na miale ya taa za namna ile. Taa ikizimwa, buluu inaondoka, ikiwashwa, inarudi. DJ, mtu asiye na huruma, alizima na kuwasha, alizima na kuwasha, hadi mzee alipomfuata.

Nilivua tai nikaingia mezani. Glasi ijae barafu hadi juu. Mililita 30 za pombe ya shemeji, zaidi ya hapo ni uadui. Mililita 15 za maji ya ndimu, kwa sababu ganda hutoa harufu lakini halitoi uchachu, na pombe ile ni utamu mtupu. Toniki mililita 120 mwisho kabisa, imiminwe glasi ikiwa imeinamishwa, kisha kijiko kiinue mara moja kutoka chini. Inakuja karibu asilimia 10, na mtu anaweza kujadili mahari akiwa bado anajua idadi ya ng'ombe.

Idadi ilibaki ile ile. Ila chini ya ng'ombe na mbuzi, katibu wao aliongeza mstari: wigi moja, nywele ndefu. Shemeji akaomba apunguziwe.

"Andika na termosi," shangazi akamwambia katibu, maji bado yanamtiririka shingoni. "Kubwa. Na asiijaribu kwanza."