Wanawake Waliofichwa Ndani ya "-ster"

Chukua majina matatu ya ukoo ya Waingereza: Baxter, Brewster, Webster. Yote yalianza kama majina ya kazi. La kwanza ni mwokaji mikate, la pili mpika pombe, la tatu mfumaji wa nguo. Ila hakuwa mwokaji yeyote tu. Katika Kiingereza cha Kale, mwanamume aliyeoka aliitwa bæcere, na kwa kawaida mwanamke akawa bæcestre: kiambishi hicho cha kike, -estre, ndicho -ster ya leo. Kwetu mfumaji ni mfumaji, awe Asha au Juma, ndiyo maana ni rahisi kupita juu ya herufi hizi bila kuona kilichomo.

Kilichomo ni ushahidi kwamba wanawake wa Uingereza walikuwa na kazi zao zinazotambulika. Pombe hasa. Katika zama za kati ale, pombe ya nafaka, ilipikwa majumbani, mara nyingi na wanawake, ikauzwa kwa majirani upesi kwa sababu ilichacha haraka. Ilipokuja bia yenye maua ya hopsi kutoka ng'ambo ya Bahari ya Kaskazini, mambo yakageuka: hopsi ziliifanya idumu, ikasafirishwa mbali, ikadai mtaji, na wenye mtaji walikuwa wanaume. Aliyewahi kumwona mama mpika mbege akishindana na kreti za kiwandani hahitaji maelezo zaidi.

Wanaume hawakuchukua kazi tu, walichukua na neno. Kiambishi kikapoteza uke wake, hata mshonaji wa kike, seamster, akaongezewa kiambishi kingine cha kike akawa seamstress. Ni sawa na kusema "mama wa kike". Webster naye akaishia kuwa jina la Noah Webster, Mmarekani aliyechapisha kamusi yake kubwa mwaka 1828. (Lakini usiwinde kila neno lenye herufi hizi: monster na minister asili yake ni Kilatini, hayahusiki.)

Linalonikera zaidi ni spinster. Lilimaanisha mwanamke anayesokota nyuzi, basi. Kufikia karne ya 17 makarani wa sheria walilitumia kumtaja asiyeolewa, kisha likawa dhihaka kwa aliyechelewa kuolewa. Bachelor, mwenzake wa kiume, hakupakwa tope hilo. Tangu Desemba 2005 maneno yote mawili yameondolewa kwenye rejista za ndoa za Uingereza na Wales, na badala yake huandikwa single.

Sina ugomvi na uamuzi huo. Rejista si mahali pa kudhalilisha mtu. Ugomvi wangu ni na kamusi ndogo, zile za wanafunzi, ambazo hutoa maana ya mwanamke asiyeolewa na kuishia hapo. Msokotaji hatajwi kabisa. Maana yake ingeandikwa kwanza, hata kwa mstari mmoja, na ile ya makarani ikafuata chini yake.