Afisa, Mapenzi na Vita vya Tanga

Riwaya za mapenzi za kihistoria zenye afisa wa jeshi kama shujaa hulaumiwa kwa jambo moja kuliko mengine yote, nalo ni kwamba zinaigeuza vita kuwa pambo la harusi. Watetezi wake hujibu kwamba msomaji asiyeweza kuvumilia kitabu cha mikakati ya kijeshi atajifunza vita kwa kumfuata mtu anayempenda, na jibu hilo si jepesi hata kidogo. Atakayesoma hadithi nzuri iliyowekwa Tanga ya Novemba 1914 atajua jinsi wanajeshi wapatao 8,000 walioletwa na Waingereza kutoka India walivyoteremka pwani ya Ras Kasone, jinsi reli ya Moshi ilivyomshushia Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, vikosi vyake, ambavyo havikuzidi sana watu 1,000, na jinsi nyuki walivyoongeza fujo mashambani.

Mfano wa kupimia hoja hizi tunao hapahapa. Tom von Prince, afisa wa Kijerumani aliyejulikana kwa jina la Bwana Sakarani, alimwoa Magdalene mwaka 1896 akaja naye huku. Baadaye aliacha jeshi, wakalima Usambara. Vita ilipozuka alirudi kazini, akauawa Tanga tarehe 4 Novemba 1914. Mwandishi wa mapenzi hahitaji kubuni mengi. Lakini miaka ya mwanzo ya ndoa hiyo ilipita Iringa, bwana akiwa katika msako wa Mkwawa, uliokwisha mwaka 1898 mtawala huyo wa Wahehe alipojiua ili asikamatwe. Mapenzi ya mke kwa mume wake yanaweza kuwa ya kweli kabisa, na riwaya ikawa ya uongo, iwapo Wahehe watatajwa tu kama sababu ya mume kuchelewa kurudi nyumbani.

Kwa maoni yangu, basi, kasoro haimo katika mapenzi yenyewe bali katika cheo. Mapenzi ya afisa hujengwa juu ya umbali: barua, likizo, mchumba anayengoja, hata ruhusa ya kuoa ambayo afisa wa Kijerumani alipaswa kuiomba kwa wakubwa wake. Askari, yaani mwanajeshi wa Kiafrika katika jeshi la koloni la Wajerumani, hakuwa na umbali huo. Wake na watoto wa askari walifuatana na kikosi, wakipika, wakibeba mizigo na kujifungua njiani katika kampeni iliyodumu hadi Novemba 1918. Ndoa iliyostahimili mwendo wa namna hiyo ina visa vingi kuliko dansi yoyote ya maafisa, lakini kanuni za riwaya hizi hazijui kuitazama. Mpagazi ndiyo kabisa: walikufa kwa makumi ya maelfu, na katika hadithi hizi huonekana pale tu sanduku la bwana linapohitaji kichwa cha kulibeba.

Wapo wanaopendekeza dawa ya haraka, yaani afisa wa Kijerumani ampende binti wa Bagamoyo au Tanga. Naiona dawa hiyo mbaya kuliko ugonjwa. Serikali ya koloni ilipiga marufuku ndoa za namna hiyo mwaka 1906, kwa hiyo mwandishi anayetaka kumalizia kwa harusi ama ataidanganya historia, ama ataandika habari ya suria na kuipaka rangi ya uchumba. Je, binti huyo alikuwa na uwezo wa kukataa? Swali hilo lisipoulizwa ndani ya hadithi, mapenzi hayapo.

Njia iliyo wazi zaidi ni ya efendi, cheo pekee cha uafisa ambacho Mwafrika aliweza kukipata katika jeshi lile. Hapo kanuni zote za riwaya hizi zinatimia: cheo, sare, hatari na ndoa halali. Hata hivyo ugumu haujaisha, kwa sababu efendi na askari wake walitwaa ng'ombe na chakula cha wanakijiji, na mwandishi atalazimika kumfanya shujaa wake apendeke bila kuyafuta hayo. Wala harusi ya baada ya vita si mahali pa kukomea, kwani malimbikizo ya mishahara ya askari hao Ujerumani ilikuja kuwalipa waliobaki hai mwaka 1964.